Saa ya Mnara

Niliitwa kutengeneza saa, si kusali.
Nilimwandikia hivyo Padri Khiem, pamoja na gharama zangu,
naye akajibu kwa mstari mmoja:
Njoo Jumatatu, utalala kwa Bi Thoa.

Saa kumi kasorobo usiku Bi Thoa
ananigonga bega kwa kifundo cha kidole,
kama anayepima tikiti kama limeiva.
Hasemi amka. Anasema, "Kengele."
Kengele bado. Yeye huisikia kabla haijalia,
miaka sitini na minane imemzoeza.

Njia nyembamba, kushoto mashamba ya chumvi,
kulia mfereji, na giza linanuka mchuzi wa samaki.
Pikipiki zinatupita: baba, mama, watoto wawili
na viti vya plastiki, maana wanaochelewa hukaa nje.
Na ni Jumanne tu, siku isiyo na jina.

Naketi pasipo pangu.
Safu nzima ya wanaume inageuka, taratibu, bila hasira,
na mzee mmoja ananielekeza kwa kidevu:
wanawake kule.
Nakwenda, viatu vyangu vikinitangaza sakafu nzima.
Hata Mama Maria wa plasta,
taji lake la taa za umeme, nyekundu, buluu, nyekundu,
naona kama ananikonyeza.

Kisha wanaanza.
Upande wa wanaume unarusha sentensi,
upande wa wanawake unaidaka kabla haijagusa chini,
na lugha yangu, hii hii ninayonunulia mboga,
inapanda na kushuka ngazi nisizozijua.
Mimi fundi, nahesabu.
Mapigo sitini na manne kwa dakika.
Hayapungui, hayazidi,
na hakuna anayeyaongoza.

Mahubiri: kimbunga cha mwezi wa tisa,
bei ya chumvi, vijana walioko viwandani Taiwani
ambao simu zao zimeadimika.
Padri anafuta kipaza sauti kwa mkono wa kanzu.

Wakati wa kutakiana amani hawashikani mikono.
Wanainamiana, viganja pamoja,
nami namwinamia mtu aliyekwisha kugeuka,
nakiinamia kisogo chake,
pini nne, nywele nyeupe.

Halafu upatu. Mara moja.
Watu mia tatu, na hakuna anayekohoa.
Nje maji yanalamba ukingo wa mfereji.
Nikaanza: moja, mbili, tatu,
nne

na hapo sijui. Upatu ukalia tena
nami sikuwa na tarakimu yoyote mkononi.
Miaka kumi na tisa ya ufundi, hilo halijanipata.
Sisemi ni muujiza.
Nasema tu sikuhesabu.

Wakaenda kupokea. Nikabaki peke yangu kwenye benchi.
Bi Thoa aliporudi, mdomo ameufumba,
akapita mbele ya magoti yangu
akauweka mkono wake juu ya wangu,
mkono mkavu, wenye nyufa,
na ndani ya nyufa weupe usiotoka kwa sabuni.

Baadaye, mnarani. Ngazi tisini na mbili,
Luu mpiga kengele mbele, mimi na mfuko wa bisibisi.
Saa ilisimama saa nne na dakika ishirini
usiku ule wa kimbunga.
Nafungua kifuniko: gurudumu la pili limeliwa na kutu,
meno yake yamevaa chumvi.
Nasugua, natia mafuta, nasukuma kwa kidole.
Linagoma. Nasugua tena.
Linakubali.

"Saa ngapi sasa?" namwuliza Luu,
kwani yangu nimeisahau chini ya mto wa Bi Thoa.
Luu haangalii mkono wake, haangalii jua.
Anaangalia chini, mashambani,
ambako wanawake wa benchi langu,
kofia zilizochongoka, suruali za kanisani zimekunjwa magotini,
wameanza kutandaza mchanga.

"Hao," anasema.

Nikaisogeza mishale mpaka hao.